Wageni wakija kumchukua mtoto ili kumsaidia: mambo ya kujua kabla ya kuweka dole gumba

Simu ya studio ililia kipindi kikiwa kimekwisha. Alikuwa bibi mmoja kutoka kijiji kimoja cha mkoa wetu wa Kagera. Tukamwamkia, akaitika, akatueleza shida yake. Analea wajukuu watatu. Mama yao ni marehemu, na baba yao yuko visiwani anavua, hutuma hela akipata. Wiki hiyo gari lilifika kijijini likiwa na watu wawili, mgeni kutoka nje na kijana Mtanzania wa kumtafsiria. Walisema wana kituo mjini. Watoto watalala kitandani, watakula mara tatu kwa siku na kusoma shule ya Kiingereza. Wakamwachia fomu ya kurasa mbili, wakamwambia aweke dole gumba, watarudi Jumatatu.

"Wanangu, niweke au nisiweke?" akatuuliza.

Hatukumpa jibu papo hapo, kwa sababu swali lake ni zito. Ndani yake kuna njaa, ada, uzee na hofu ya mtu anayejiuliza nani atawalea wajukuu siku akiondoka. Kuna pia ukweli kwamba misaada kwa watoto imeokoa maisha ya wengi, hata hapa kwetu. Tulimwomba asubiri kidogo, tukaanza kuuliza na kusoma. Tuliyoyapata tumeyaandika hapa ili kila msikilizaji wetu ayasome kwenye simu yake, au amsomee jirani asiyejua kusoma.

Misaada hii ilianzia wapi?

Wengi wetu tumekua tukiona magari ya mashirika yakipita barabarani, tukadhani misaada ya watoto ilibuniwa kwa ajili ya Afrika. Sivyo. Ilianza Ulaya, kwa ajili ya watoto wa Ulaya.

Mwaka 1919, Vita ya Kwanza ya Dunia ikiwa imeshasimama, meli za chakula bado zilikuwa zinazuiwa kufika Ujerumani na Austria. Watoto wa huko walikufa kwa njaa. Mwanamke mmoja Mwingereza, Eglantyne Jebb, alikamatwa jijini London kwa kusambaza karatasi zenye picha za watoto hao bila kibali, akatozwa faini ya pauni 5. Mwaka huohuo yeye na dada yake, Dorothy Buxton, walianzisha shirika la Save the Children. Mwaka 1923 Jebb aliandika tamko fupi la haki za mtoto, na mwaka 1924 likapitishwa na Shirikisho la Mataifa, lililokuwapo kabla ya Umoja wa Mataifa. Tamko hilo ndilo lililofungua njia kwa Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1991.

Mtindo wa mfadhili mmoja kumchangia mtoto mmoja nao ni wa zamani. Mwaka 1937, wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe nchini Hispania, mwandishi wa habari Mwingereza John Langdon-Davies alifikiria jambo jipya: mtu aliye mbali amchangie mtoto anayemjua kwa jina na waandikiane barua. Kutokana na wazo hilo likazaliwa shirika la Plan. Mwaka 1946 ikaundwa UNICEF, kwanza kwa ajili ya watoto walioumizwa na Vita ya Pili ya Dunia. Mwaka 1949 Hermann Gmeiner alianzisha kijiji cha kwanza cha SOS katika mji wa Imst nchini Austria. World Vision ilianza mwaka 1950 na Compassion mwaka 1952, zote mbili zikiwa zimeguswa na hali ya watoto wa Korea wakati wa vita.

Kwetu Kagera mashirika yalikuja kwa wingi kwa sababu tunayoijua sote. Wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini Tanzania waligunduliwa mkoani humu mwaka 1983. Wazazi walikufa wakiwa vijana, na mabibi wakaanza kulea upya wakati nguvu zimekwisha. Watoto wa miaka ile leo ni watu wazima, na baadhi yao ndio wanaosoma maneno haya.

Msaada ni wa aina nne

Tukisikia neno "mfadhili" huwa tunaweka kila kitu kwenye kapu moja. Ni vizuri kutenganisha, maana kila aina ina namna yake ya kufanya kazi.

*Ya kwanza ni ufadhili wa mtoto mmoja mmoja.* Mtoto anapigwa picha, anaandikishwa, na mtu wa nchi nyingine anachangia kila mwezi. Mtoto anabaki nyumbani kwao. Mara nyingi fedha hazifiki mkononi mwa mzazi. Mashirika mengine huziweka pamoja zikafanya kazi ya kijiji kizima, kama kisima au darasa. Mengine huzitumia kupitia kituo ambako mtoto huenda siku fulani za wiki akapata masomo ya ziada, chakula, matibabu na vifaa vya shule. Compassion, kwa mfano, hufanya kazi kupitia makanisa ya mahali.

Je, ufadhili huo unasaidia? Mwaka 2013 wachumi watatu, Bruce Wydick, Paul Glewwe na Laine Rutledge, walitoa matokeo ya utafiti wao kuhusu watu 10,144 katika nchi 6, zikiwamo Kenya na Uganda. Waliwalinganisha watu waliofadhiliwa na Compassion wakiwa watoto na wenzao ambao hawakufadhiliwa. Waliofadhiliwa walisoma zaidi kwa kati ya mwaka 1.03 na 1.46, na wengi zaidi kati yao walimaliza sekondari. Hao wote walikuwa wanalala kwao.

*Ya pili ni msaada kwa watoto wote wa mahali fulani.* Hapa hakuna mtoto anayechaguliwa kwa jina. Ni chanjo, dawa za minyoo, vyandarua, uji wa shuleni, maji. Mfano unaotajwa sana ni wa Busia, magharibi mwa Kenya. Kuanzia mwaka 1998 watoto wa shule 75 walipewa dawa za minyoo kwa awamu, na watafiti Edward Miguel na Michael Kremer waliona utoro ukipungua kwa takriban robo. Wataalamu wengine wamebishana nao kuhusu ukubwa wa faida hiyo, lakini mtoto mwenye minyoo hubaki mtoto mwenye minyoo, na kidonge chake ni cha bei ndogo.

*Ya tatu ni fedha kwa kaya.* Anayepewa ni yule anayemlea mtoto. Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini wa TASAF, uliozinduliwa mwaka 2012, ni wa aina hii. Kaya hutambuliwa kupitia mkutano wa kijiji, na sehemu ya ruzuku hutegemea watoto kuhudhuria kliniki na shule. Kenya nayo ilianza mwaka 2004 kutoa fedha kwa kaya zinazolea yatima.

Mfano mwingine uko hapahapa mkoani. Nshamba, wilayani Muleba, mradi wa Kwa Wazee ulianza mwaka 2003 kuwapa wazee kiasi kidogo cha fedha taslimu kila mwezi, pamoja na nyongeza kwa wanaolea wajukuu. Wako waliosema wazee watazitapanya. Utafiti uliotolewa mwaka 2008 ulionyesha fedha hizo zilikokwenda: chumvi, sabuni, viatu vya shule, chakula. Yaani vitu vilevile ambavyo mtoto akivikosa anaonekana kama hana mtu.

*Ya nne ni makao ya watoto,* ambayo wengi tunayaita vituo vya yatima. Hapa mtoto anaondoka nyumbani na kulelewa na watu wengine. Bibi yetu alikuwa ameletewa aina hii. Ni msaada wa kipekee, kwa sababu nyingine zote humwongezea mtoto kitu, lakini huu humpa kitu na papo hapo humwondolea kingine.

Yatima ni nani hasa?

Wengi wetu tukisikia neno yatima tunamfikiria mtoto asiye na baba wala mama. Hesabu za kimataifa haziko hivyo. UNICEF humhesabu kuwa yatima mtoto yeyote aliye chini ya miaka 18 aliyefiwa na mzazi mmoja au wote wawili. Kwa hesabu yake ya mwaka 2015, duniani kulikuwa na yatima karibu milioni 140. Kati yao, waliofiwa na wazazi wote wawili walikuwa kama milioni 15. Maana yake ni kwamba katika kila yatima 10, kama 9 wana baba au mama aliye hai. Hata katika wale waliobaki, wengi wana bibi, shangazi, mjomba au kaka mkubwa.

Mtu aliye mbali akisikia "yatima milioni 140" anaona watoto milioni 140 wasio na pa kulala. Anachanga ili bweni lijengwe. Bweni likishajengwa linahitaji watoto, na hapo ndipo gari linaposhika barabara ya vumbi kuja kwetu.

Hatusemi kwamba kufiwa si kitu. Watafiti waliofuatilia watoto wa Kagera kuanzia mwaka 1991, na kuwatafuta tena zaidi ya miaka 10 baadaye, waligundua kwamba waliofiwa na mama wakiwa wadogo walipoteza kwa wastani mwaka mmoja wa masomo na sentimita 2 za urefu wa mwili. Mtoto aliyefiwa anahitaji msaada, na anauhitaji mapema. Swali ni wa aina gani na unatolewa wapi.

Mtoto hupoteza nini akilelewa kwenye kituo?

Jibu zuri zaidi linatoka Romania. Utawala wa Ceaușescu ulipoanguka Desemba 1989, dunia ilikuta watoto zaidi ya 100,000 kwenye vituo vya serikali. Chakula kilikuwepo na vitanda vilikuwepo. Lakini mlezi mmoja alikuwa na watoto wengi mno, naye akimaliza zamu anaondoka, anakuja mwingine.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wanasayansi kutoka Marekani walifuatilia watoto wachanga 136 katika vituo vya jiji la Bucharest. Nusu yao walipelekwa kulelewa katika familia, nusu wakabaki kwenye vituo kama kawaida. Baada ya miaka michache, waliokwenda kwenye familia walikuwa mbele kwa akili na kwa ukuaji. Waliokwenda kabla ya kutimiza miaka 2 ndio waliofaidika zaidi. Mtoto mdogo anahitaji mtu mmoja ambaye akilia anakuja yuleyule, akicheka anacheka na yuleyule. Bibi zetu walilijua hilo bila maabara.

Vituo havifanani, na wapo walezi wa vituo wanaofanya kazi kwa moyo wote. Zipo pia hali ambazo mtoto lazima aondolewe nyumbani haraka: anapigwa, anabakwa, ametelekezwa, au hakuna kabisa ndugu wa kumpokea. Hapo makao ni kimbilio, na tunawashukuru wanaoyaendesha. Lakini umaskini peke yake haupaswi kuwa sababu. Mwongozo wa Umoja wa Mataifa kuhusu malezi mbadala wa mwaka 2009 unasema wazi kwamba umaskini usiwe sababu pekee ya kumtoa mtoto kwa wazazi wake, uwe ishara kwamba familia hiyo inahitaji kusaidiwa.

Majirani zetu wameanza kuelekea huko. Rwanda ilipitisha mkakati mwaka 2012 wakati zaidi ya watoto 3,000 walikuwa kwenye vituo, na tangu wakati huo wengi wamerudishwa kwa ndugu au kupelekwa kwa familia za kuwalea. Kenya ilisimamisha kusajili vituo vipya mwaka 2017, na mwaka 2022 ikatoa mkakati wa miaka 10 wa kuwarudisha watoto kwenye familia.

Karatasi iliyowekwa dole gumba Uganda

Kuna sababu nyingine ya kusoma fomu kwa makini, nayo ilitokea ng'ambo tu ya mpaka wetu wa Mutukula.

Agosti 2020, serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo watu wanne wa Uganda, wakiwamo majaji wawili na wakili mmoja, ikiwatuhumu kuhusika katika mpango wa kuwapeleka watoto Marekani kuasiliwa kwa njia ya udanganyifu. Kwa maelezo ya serikali hiyo, wazazi wa vijiji vya mbali waliahidiwa kwamba watoto wao wanakwenda Kampala kusoma na kutunzwa. Watoto wakawekwa kwenye kituo, kisha wakatolewa kwa familia za Marekani zilizoambiwa kwamba hao ni yatima.

Kuasili ni neno la kisheria. Mtoto aliyeasiliwa anakuwa mtoto wa familia mpya moja kwa moja. Haki za wazazi wa kwanza zinakoma. Kwenye vijiji vyetu tuna desturi ya kumpeleka mtoto kwa shangazi mjini akasome, likizo anarudi. Mzazi anayekijua kitu hicho tu anaweza kuweka dole gumba kwenye kitu kingine kabisa, akaendelea kusubiri likizo isiyofika.

Kwa sheria za Tanzania, kuasili hufanyika kwa amri ya mahakama, baada ya ustawi wa jamii kuichunguza familia inayoomba. Hakuna mchungaji, shehe, mwenyekiti wa kijiji wala mkurugenzi wa shirika mwenye mamlaka ya kumwasilisha mtoto kwa mtu mwingine kwa karatasi tu.

Maswali ya kuuliza wageni wakija

Mgeni mwenye nia njema hachukizwi na maswali. Uliza haya bila kuona haya:

1. Mmepita ofisi gani? Wageni wa kweli huanza halmashauri kwa afisa ustawi wa jamii, kisha kata, kisha kijiji. Wakisema watapita baadaye, wasubiri wapite kwanza.

2. Leseni ya makao iko wapi? Kwa Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, makao ya watoto lazima yawe na leseni kutoka kwa Kamishna wa Ustawi wa Jamii. Cheti cha kusajili shirika ni kitu kingine na hakitoshi. Leseni ya makao ni ya peke yake.

3. Kwa nini asisaidiwe akiwa hapa nyumbani? Hili ndilo swali kubwa kuliko yote. Kama wana fedha za kumlisha mjini kila siku, waulize kwa nini hazinunui sare, daftari na gunia la mahindi hapa. Sikiliza wanavyojibu.

4. Nitamwona lini na nitamfikiaje? Uandikiwe jina la mahali, namba ya simu, na siku za kumtembelea. Mahali usikoruhusiwa kumtembelea mtoto wako, usimpeleke.

5. Karatasi hii inasema nini? Kama imeandikwa Kiingereza, omba ya Kiswahili. Kama hujui kusoma, atafutwe mwalimu au mtendaji asome kwa sauti mbele ya mashahidi. Usikubali kutafsiriwa na aliyekuja na gari hilohilo pekee. Nakala moja ibaki kwako.

6. Picha zake zitatumika wapi? Mtoto si tangazo. Una haki ya kukataa asipigwe picha akiwa uchi, mgonjwa au analia.

7. Mnamtaka wa umri gani? Wakichagua wadogo tu au wenye sura nzuri, au wakitaka kuwatenganisha ndugu wa tumbo moja, simamisha mazungumzo.

Na jambo moja la mwisho: ukiona wanatoa fedha ili upate kusaini, hiyo si hisani tena. Hiyo ni biashara ya binadamu, na ni kosa la jinai.

Ukikataa, uende wapi?

Kumwambia mlezi mwenye njaa "kataa" bila kumwonyesha mlango mwingine ni kumwonea. Milango hii ipo.

Anza na kamati ya kijiji ya ulinzi wa wanawake na watoto, ile ambayo wengi tunaiita kamati ya MTAKUWWA. Kama hujui nani yumo, muulize mtendaji wa kijiji. Kamati inapaswa kuwatambua watoto wanaoishi katika mazingira magumu na kupeleka majina yao mbele.

Muone afisa maendeleo ya jamii wa kata, au afisa ustawi wa jamii wa halmashauri. Hao ndio wenye kujua mashirika gani yanayofanya kazi halali katika wilaya yako na yanasaidia nini. Kama mtoto hana kabisa wa kumlea, sheria ina njia ya malezi ya kambo, ambapo familia nyingine humlea kwa usimamizi wa ustawi wa jamii bila kumfanya kuwa mtoto wake wa kisheria.

Kama kaya yako ni maskini na haimo TASAF, uliza kwenye mkutano wa kijiji utambuzi unafanyika lini. Usitume mtu, nenda mwenyewe au ubebwe.

Kumbuka pia kwamba shule za msingi za serikali hazitozi ada, ada ya sekondari za serikali hadi kidato cha nne iliondolewa tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na sita zikafuata mwaka 2022. Sare, madaftari na michango bado ni mzigo, tunajua. Lakini mtu akikuambia mwanao hawezi kusoma mpaka apelekwe kituoni, hasemi kweli.

Tafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto mapema. Mtoto mwenye cheti chenye majina ya wazazi wake ni vigumu kumgeuza kuwa mtoto asiye na kwao.

Na kama umeona mtoto anachukuliwa kinyemela au anateswa, hata akiwa kwenye kituo, piga 116. Hiyo ni namba ya huduma ya simu kwa mtoto, haina malipo. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi nalo lipo kwa kazi hiyo.

Na sisi tunaotoa je?

Misaada haitoki nje tu. Kila Pasaka, Idi na Krismasi tunapokea maombi ya kutangaza safari za kwenda vituoni na sabuni, biskuti na soda. Sisi wenyewe tumekwenda, tukapiga picha, tukarudi tukijisikia vizuri. Siku moja mtoto mmoja wa kituo alituuliza kama tunatokea upande wa kwao, na kama tunamjua mama yake. Alitutajia hadi jina la kijiji. Hatukuwa na la kumjibu, na zawadi zilikuwa bado ziko kwenye gari.

Tangu siku hiyo, mtu akituuliza asaidie vipi, tunamwambia aanze na mtaa wake. Kuna bibi jirani yako anayelea watatu. Jozi moja ya viatu, mche wa sabuni, kumpalilia kibanja wakati mgongo unamuuma, kumsindikiza mtoto kliniki: hayo hayahitaji kusajili shirika. Kama bado unataka kuchangia kituo, uliza kinafanya nini kuwarudisha watoto kwao. Kituo kizuri kina jibu la swali hilo.

Yaliyompata bibi yetu

Tulimpigia Jumapili jioni. Tulimweleza yote haya kwa ufupi, tukampa njia ya kumfikia afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yake. Uamuzi tulimwachia yeye, maana wajukuu ni wake.

Jumatatu wageni walirudi. Alikuwa amemwita mtendaji wa kijiji na mwalimu wa shule ya msingi. Mwalimu alisoma fomu kwa sauti. Kwenye ukurasa wa pili kulikuwa na sentensi inayosema kwamba mlezi anakabidhi "mamlaka yote" juu ya watoto. Bibi akauliza mamlaka yote maana yake nini. Kijana wa kutafsiri akasema ni lugha ya kawaida ya fomu. Mtendaji akaomba kuona leseni ya makao. Wakasema iko mjini, wataileta.

Mpaka tunaandika makala hii hawajarudi. Pengine walikuwa watu wema wasiojua taratibu, pengine sivyo. Hatuwezi kuwahukumu. Watoto wote watatu wako shuleni. Yule mkubwa bado anakwenda peku, na jina la kaya limepelekwa kwenye kamati ya kijiji. Afisa ustawi amesema atafika. Tumeandika tarehe aliyoitaja kwenye ubao wa studio, na siku hiyo ikipita tutampigia.

Kama kijijini kwako wageni wamepita kuandikisha watoto, au una swali kuhusu fomu uliyopewa, tutumie ujumbe wakati wa kipindi. Usitaje jina la mtoto hewani, tutaandika pembeni na kulifuatilia.